Leva Tatu na Tairi Moja Kaidi

Kuna watu wanaovua tairi la baiskeli kama mtu anayevua soksi. Nimewaona kwenye video. Jamaa anachomeka leva moja, kile kijiti bapa cha kung'olea tairi, anaibinya kidogo, anaiburuza kuzunguka rimu, na tairi hilo limeshalala sakafuni, naye bado ana pumzi ya kupiga soga na kamera. Mimi Jumamosi ile nilianza saa tatu asubuhi. Nilimaliza taa zimeshawashwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tairi la nyuma la baiskeli yangu ya milimani, ile ya inchi 29, lilikuwa limekwisha meno, na nilikuwa nimenunua jipya. Jipya lile ni nene, la kutumia bila tyubu: ndani humiminwa maji meupe ya mpira, kama maziwa, ambayo huziba pancha yenyewe wewe ukiwa safarini. Nje kulikuwa na mvua, kwa hiyo nikatandaza magazeti sebuleni.

"Nusu saa tu," nikamwambia mke wangu, "halafu tunatoka."

Alikuwa ameshavaa viatu. Saa tano alivivua, bila kusema neno, na mimi kimya kile nilikielewa vizuri kuliko hotuba.

Lile la zamani kwanza. Tairi lisilo na tyubu lina midomo miwili, mmoja kila upande, na midomo hiyo ikikaa miezi kadhaa kwenye rimu hunata kwa yale maziwa yaliyokauka. Nilitoa upepo wote. Nikabinya kwa vidole gumba, kimya. Nikabinya kwa viganja, kimya. Midomo ilikuwa imefungwa kama ya shahidi aliyehongwa. Nikalilaza gurudumu chini, diski ya breki ikiwa juu (akili kidogo bado nilikuwa nayo), nikashika ukuta na kulipandia tairi kwa miguu yote miwili. Nikaanza kurukaruka.

Binti yangu wa miaka saba akapita na kikombe chake. Akasimama.

"Baba, baiskeli imekukosea nini?"

Kabla sijamjibu, mdomo wa tairi uliachia, pwaa! Maziwa ya mwaka jana yaliyokuwa yamelala mle ndani yakanirukia suruali. Yananuka. Lakini nilishangilia kama mtu aliyefunga bao, maana nilidhani kazi ngumu imekwisha.

Tairi jipya liliingia upande mmoja bila matata. Upande wa pili nao ukaenda vizuri, robo, nusu, robo tatu, mpaka ikabaki sehemu ndogo kama urefu wa kiganja. Hapo likagoma. Nilisukuma kwa vidole gumba mpaka kucha zikabadilika rangi. Nikilisogeza kulia, linatoka kushoto. Nikilibana kushoto kwa goti, linatoka kulia. Ukituona kwa mbali ungesema tunapigana mieleka, na ungejua pia nani anashindwa.

Nikatoa leva zangu tatu za plastiki. Ya kwanza nikaichomeka chini ya mdomo wa tairi, nikaegemeza uzito wangu wote. Ikajikunja. Ikalia ta! Nikabaki na mpini, ncha imetoweka. Ni kipande kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba, ila kilitoka kwa kasi na sikuona kimeelekea wapi. Nikaanza kukitafuta. Chini ya kochi, nyuma ya pazia, ndani ya viatu vya mke wangu.

"Unatafuta nini humo?" akauliza.

"Kipande cha leva."

"Kina kazi gani?"

"Hakina kazi."

"Sasa unakitafutia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaacha kutafuta. Kumbuka hapo, tutarudi.

Leva ya pili haikuvunjika, ilichomoka tu na kunipiga kidevuni. Ya tatu niliishika kwa adabu, ikanisogezea tairi sentimita mbili, kisha nayo ikapinda ikawa kama upinde wa mvua. Nikaenda jikoni. Kijiko cha bati kina umbo linalofaa sana kwa kazi hii, ukikiangalia. Ukikitumia, kinageuka kuwa kitu ambacho huwezi tena kukilia wala kukirudisha kwenye droo bila kuulizwa. Vilikwenda viwili. Kisha nikaitazama bisibisi. Nilijua kabisa kwamba chuma chenye ncha hukwaruza rimu na kutoboa ule utepe unaoziba matundu ya spoki, na utepe ukishatoboka, tairi lisilo na tyubu halishiki upepo hata dakika. Nilijua, na mkono ukaenda hivyohivyo. Binti yangu ndiye aliyeichukua bisibisi akaenda kuificha. Mpaka leo hajaniambia iko wapi, na naona ana haki.

Sasa nikapata wazo. Nikajiambia kwamba kwa kuwa tairi limebakiza uwazi mdogo tu, ni heri nimimine yale maziwa sasa hivi, ili likiingia liwe limekwisha. Nikamimina mililita 100 zote. Kisha nikarudi kwenye mieleka.

Mtu mwenye akili timamu ameshaona kitakachotokea. Nilipolibana gurudumu katikati ya mapaja na kulivuta tairi kwa nguvu zangu zote, uwazi ule ukageukia chini. Maziwa yakatoka yote. Yakapita kwenye suruali, yakapita kwenye magazeti, yakafika kwenye zulia. Maji yale yametengenezwa ili yakikutana na hewa yagande na kuziba tundu, na yanaifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa: kile kipande cha zulia hakivuji tena. Chupa ilikuja na kimrija cha kuyapitisha kwenye valvu baada ya tairi kufungwa. Nilidhani ni pambo.

Ndipo nikampigia simu rafiki yangu tunayepanda naye milima. Alifika na mfuko mdogo, akanitazama kuanzia kidevu chenye uvimbe mpaka magoti meupe, akajizuia kucheka kwa sekunde kama tatu hivi.

"Kaka, ulianzia wapi kuliingiza?"

"Hapa, kwenye valvu."

Akafumba macho, kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa kwamba dawa za wiki amezimeza zote asubuhi.

Akanieleza, na nakiri ilikuwa mara ya kwanza kuitazama rimu yangu vizuri. Pale mdomo wa tairi unapokaa, rimu ya inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622, na uzi ulio ndani ya mdomo umetengenezwa usivutike hata ukiulilia. Nafasi haipatikani kwa kuuvuta. Katikati ya rimu kuna mfereji, umeshuka kidogo kuliko kingo. Ukiibinya midomo yote miwili idumbukie mle kuzunguka gurudumu zima, tairi linalegea upande wa pili. Ila kwenye valvu mfereji umezibwa na kitako cha valvu yenyewe, midomo haidumbukii. Kwa hiyo unaanzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia pale kwenye valvu. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake kwa saa sita, kwa bidii.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na jeki ya tairi, dude la plastiki lenye mpini mrefu. Sehemu moja inaegemea ukingo wa rimu wa upande wa pili, na mbele kuna ndoano inayoudaka mdomo wa tairi. Ukiinua mpini, ndoano inauvuta mdomo juu na kuuvusha ukingo. Tukaosha, tukapaka maji ya sabuni, tukabinya midomo mferejini. Akaivuta jeki mara moja. Chwap. Akaivuta mara ya pili. Chwap. Akanipa nimalizie mwenyewe, nadhani kwa huruma. Chwap.

Dakika mbili. Nilihisi kama nimetukanwa.

Tukatoa kiini cha valvu ili upepo uingie kwa kasi, nikapiga pampu kama mtu anayedaiwa. Pa! Pa! Midomo ikakaa, binti akapiga makofi, mke wangu akatoka chumbani kuuliza nani amelipuka. Tukakagua ule mstari mwembamba wa pembeni mwa tairi, umelingana na rimu kote. Maziwa mapya yakaingia kwa kimrija. Kiini kikarudi, upepo ukajazwa upya. Nikalifunga gurudumu, nikainua baiskeli, nikalizungusha polepole mbele ya familia yangu kwa fahari.

Kolo. Kolo. Kolo.

Kimya.

"Hicho nini?" mke wangu akauliza.

"Maziwa," nikasema. "Bado hayajatulia."

"Maziwa gani yana mfupa?"

Rafiki yangu aliitazama jeki yake, akanitazama mimi, akairudisha mfukoni na kufunga zipu.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Kipande bado kimo mle ndani, na hakuna atakayenishawishi kulifungua lile tairi kabla meno hayajaisha. Nikiteremka kwa kasi hakisikiki, mzunguko unakibana ukutani mwa tairi. Kinalia nikipanda tu, tena nikipanda polepole. Wenzangu wameshazoea, siku hizi hawageuki nyuma kuangalia kama nafuata. Wanasikiliza.