Sindano ya homa ya manjano: moja ya maisha inatosha?

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kinshasa au Kampala hudaiwa kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo. Zamani kadi hiyo ilidumu miaka 10. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, inadumu maisha yote. Hata hivyo wapo wanaorudi kuomba sindano ya pili, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kwa kila kundi.

Wanaosema moja inatosha hutegemea sana seli T za kuua, aina ya seli za kinga ya mwili. Chanjo ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikiingia kwenye seli, vipande vidogo vya protini zake, vya asidi amino 8 hadi 10, huanikwa kwenye utando wa nje. Kwenye tezi za limfu, seli T yenye kipokezi kinachooana na kipande hicho huamka, ilimradi ipate na ishara ya pili kutoka kwa seli inayokionyesha. Ikiikosa, hulala tu. Ikiamka hugawanyika kila baada ya saa chache, na kwa chanjo hii kilele hufika kama wiki 2 baadaye. Kisha nyingi mno hufa. Chache zinazosalia ndizo kumbukumbu, nazo zimekutwa kwenye damu ya watu waliochanjwa zaidi ya miaka 20 nyuma.

Hoja hiyo ni nzito, ila ina tundu. Seli hizi hazizuii kirusi kuingia. Huua seli iliyokwisha kuambukizwa. Hutoa protini mbili: perforini hutoboa utando, granzaimu hupenya na kuilazimisha seli ijiue. Kuzuia mlangoni ni kazi ya kingamwili, protini za damu zinazokinasa kirusi, na kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 9 hizo hupungua. Ndiyo maana Brazil mwaka 2020 iliongeza dozi ya pili kwa watoto wa miaka 4. Kwa wanaoishi na VVU, seli wasaidizi za CD4 zikipungua, kumbukumbu nayo hujengeka dhaifu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, basi, sioni haja ya kurudia. Ninachokihofia zaidi ni kichupa cha chanjo. Hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na unga wake ukishachanganywa na kimiminika hutupwa zikipita saa 6. Kwa joto la Dar, kikisahaulika mezani kirusi hufa, hakizaliani, na seli T hazioneshwi cha kutosha, lakini muhuri hugongwa vilevile. Kabla ya kunyoosha mkono, muulize muuguzi kichupa kimechanganywa saa ngapi.