Kabla hujakata kope, tazama nyusi

Baadhi ya wanaolalamika kwamba kope, yaani ngozi inayofunika jicho, zimekuwa nzito hawana ugonjwa wa kope. Nyusi ndizo zilizoshuka, na ngozi yake imelalia jicho. Tatizo ni kwamba kwenye kioo nyusi hizo huonekana ziko mahali pake, kwa sababu msuli wa paji la uso unazinyanyua kutwa nzima. Ndita za mlalo ambazo mtu anataka zifutwe zimetokana na kazi hiyo.

Kipimo chake hakina gharama. Fumba macho, legeza paji, kisha mtu akuwekee kiganja juu ya nyusi na kukandamiza kidogo ili msuli usinyanyuke. Sasa fumbua macho. Kwa mwanaume, nyusi kukaa usawa wa ukingo wa mfupa wa jicho ni kawaida. Kwa mwanamke hukaa juu yake kidogo. Zikiporomoka chini ya hapo, anza na kunyanyua nyusi, si kukata kope.

Anayekimbilia kupunguza ngozi ya kope bila kupimwa hivi hujitafutia mzunguko mbaya. Ngozi ikipungua, jicho linaona vizuri, msuli wa paji unapumzika, nyusi zinashuka zaidi. Anarudi akatwe tena, na tena, hadi siku jicho linakataa kufunga. Botox, dawa ya kulegeza misuli, ikichomwa kwenye paji la mtu kama huyu huzishusha nyusi vilevile, ila hiyo angalau huisha baada ya miezi mitatu au minne.

Upasuaji wa zamani wa kunyanyua nyusi hukata ngozi ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, sentimita kadhaa nyuma ya nywele zinapoanzia, na kuondoa ukanda wa ngozi. Unanyanyua kweli, lakini paji linarefuka na utosi unaweza kubaki na ganzi. Siku hizi sioni sababu ya kuanza nao.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kuna njia ya kamera ndogo inayoingizwa chini ya ngozi: chale tatu hadi tano ndani ya nywele, kila moja sentimita moja au mbili. Watu huuliza sana kuhusu skrubu na nyuzi za kushikilia, ilhali siri haiko hapo. Utando unaofunika mfupa umeng'ang'ania ukingo wa juu wa tundu la jicho. Usipoachanishwa pale, nyusi hurudi chini hata ufunge skrubu ngapi. Skrubu zinashikilia tu mpaka utando ujigandishe upya. Kazi ni ya uangalifu, kwa kuwa neva ya hisia ya paji hutokeza hapohapo, takriban sentimita mbili na nusu hadi tatu kutoka katikati ya uso. Misuli inayokunja uso katikati ya nyusi hupunguzwa kwa kiasi. Ikikombwa yote, nyusi huachana, panabaki kibonyeo, na mtu anaonekana kashtuka milele.

Mwenye paji refu huambiwa akatwe pale nywele zinapoanzia, ili paji lisizidi kurefuka. Kwa nywele zetu za kipilipili napinga haraka hiyo. Mizizi yake imejipinda chini ya ngozi, kwa hiyo kisu huikata kwa urahisi na kovu linabaki bila nywele za kulifunika. Kama nywele za mbele zimeshakimbia kwa kusukwa kwa kuvutwa, kovu litakaa wazi kabisa. Na aliyewahi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, baada ya kutoboa masikio alitaje hilo mapema, asingoje kuulizwa.

Kwa wanawake wengi ninaona chale ya panjani, yenye urefu wa sentimita tatu au nne, ndani ya nywele, inatosha, maana kilichoanguka ni ncha ya nje ya nyusi tu. Hufanyika hata kwa ganzi ya sehemu. Hatari yake ni tawi la neva linalonyanyua nyusi, ambalo hupanda kutoka chini kidogo ya kinundu cha mbele ya sikio hadi sentimita moja na nusu hivi juu ya ncha ya nyusi. Daktari hupita chini yake. Likivutwa, nyusi hulala kwa wiki au miezi; likikatwa, huenda zisiamke tena.

Mwanaume mwenye upara, au aliyepooza upande mmoja wa uso, anaweza kukatwa moja kwa moja juu ya nyusi. Kovu huonekana, lakini hakuna njia yenye kipimo sahihi zaidi.

Baada ya upasuaji, uvimbe hushukia machoni. Lala kichwa kikiwa juu. Nyuzi au pini hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Mwasho wa utosini unaokuja miezi ya mbele ni hisia zinarudi. Uvimbe wa upande mmoja tu, unaoongezeka na kuuma ndani ya siku ya kwanza, ni damu inavilia: usingoje asubuhi, rudi hospitali usiku huohuo.