Titan ya Panama: kreni ya vita ya 1941, ipumzishwe au iendelee kunyanyua?

Pale Gamboa, kwenye Mfereji wa Panama, kuna kreni inayoelea inaitwa Titan, kazi yake kung'oa na kurudisha milango mikubwa ya mfereji wakati wa matengenezo, na ukimwambia mtu imetengenezwa mwaka 1941 majibu huwa mawili tu, wengine watasema ikatwe iwe chuma chakavu kabla haijaua mtu, wengine watasema ipelekwe makumbusho. Mi naona wote wanakimbilia umri wake bila kuangalia imepitia wapi na inafanya kazi gani sasa hivi.

Ilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani ya Demag kwa ajili ya jeshi la majini la Ujerumani ya Hitler, moja kati ya nne za aina hiyo, uwezo wake tani 350. Vita vikaisha, washindi wakagawana mali. Moja ilishaharibiwa vitani, moja wakachukua Wasovieti, moja Waingereza, moja Wamarekani. Ile ya Waingereza haikufika, ilizama baharini kabla ya kufika Uingereza huku ikivutwa. Hii ya Wamarekani ilifunguliwa vipande vipande, ikapelekwa California, ikaunganishwa upya kwenye karakana ya jeshi la majini ya Long Beach na kupewa namba YD-171, ila watu wa pale walikuwa wanaiita Herman the German. Ukifuatilia historia yake inabidi ukumbuke majina yote haya, maana ukitafuta Titan peke yake utadhani maisha yake yalianza miaka ya 1990.

Long Beach ilikaa karibu miaka 50. Kazi nyingi zilikuwa za manuwari, lakini iliyoipa umaarufu ni ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilipoinyanyua ndege ya mbao ya tajiri wa Kimarekani Howard Hughes, yenye mabawa ya karibu mita 98 kutoka ncha hadi ncha, ndege ambayo ilikuwa imeruka mara moja tu mwaka 1947. Halafu karakana ikapangiwa kufungwa, na mwaka 1996 kreni ikapandishwa juu ya meli ya kubeba mizigo mizito ikaletwa Panama.

Sasa wanaosema ipumzishwe wana hoja, tena nzito. Chuma kinachoka. Kila mzigo unaacha kitu kidogo kwenye viungo na vishikizo, ufa wa namna hiyo unaweza kukaa chini ya rangi na macho ya kawaida yasiuone, na vipuri vya mashine ya 1941 huendi kununua dukani, vingi inabidi vichongwe upya. Halafu fikiria kinachoning'inia pale chini, mlango wa chuma wa vyumba vya maji vya mfereji, vile vinavyopandisha na kushusha meli, ile mirefu kabisa inazidi tani 600 na huo uzito haunyanyuliki wote kwa hii kreni, ila milango ina uwazi ndani wenye hewa kwa hiyo maji yanabeba sehemu ya mzigo. Likidondoka kitu kama hicho ndani ya chumba, upande huo wa njia umefunga.

Lakini upande wa pili nao usipuuzwe. Gamboa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maji ya mto Chagres na ziwa Gatun, na chuma kwenye maji baridi hakiliwi na kutu kwa kasi ile ya bahari ya chumvi. Pia hakuna mawimbi makubwa pale. Ukikumbuka dada yake, ile ya Waingereza, alivyozama, utaona kwamba kreni ya namna hii, mnara mrefu umesimama juu ya tishari bapa, hatari yake kubwa ni kuvutwa kwenye bahari iliyochafuka kuliko kunyanyua kwenye maji yaliyotulia. Kwa hiyo wanaotaka ihamishwe ikakae makumbusho nchi nyingine wanaiombea safari, na hiyo safari inatisha kuliko kazi yake ya kila siku.

Jambo jingine ambalo watu hawaligusi kabisa, milango ya vyumba vipya vilivyofunguliwa Juni 2016 ni ya kuteleza, inaingia kwenye uwazi wa pembeni na kutengenezwa humohumo, haihitaji kung'olewa na kreni. Ile ya zamani ya 1914 ndo inahitaji. Na bado inafanya kazi, meli zinapita kila siku, kwa hiyo kazi ya Titan haijaisha ila haitaongezeka tena.

Kwa maoni yangu iendelee, kwa masharti. Viungo vyote vipimwe kwa vifaa vya kuona ndani ya chuma, na watu wa usalama wakisema uwezo ushushwe chini ya tani 350 basi ushushwe bila ubishi, hata kama itabidi kukodi kreni nyingine kwa milango mizito. Na michoro na kumbukumbu za Long Beach zikusanywe na zihifadhiwe sasa hivi kabla hazijapotea, maana bila hizo hata huyo mkaguzi anakuwa anapima chuma asichojua kilishabeba nini.