Mwanamke anapooa: mjane wa Kiigbo na binti aliyemtolea mahari

Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria walimruhusu mwanamke naye aoe. Mjane asiye na mtoto wa kiume, au mke mwenye mali aliyekosa uzazi, aliweza kutoa mahari na kuleta binti nyumbani. Binti alizaa na mwanamume mwingine, na watoto wakahesabiwa wa nyumba ile. Mapenzi baina ya wanawake hao hayakuwa sehemu ya mpango. Kilichotafutwa ni uzao. Wasomaji wa Tarime wataikumbuka nyumba ntobhu, ndoa kama hiyo ya Wakurya.

Kwa nini ifike huko? Sikiliza majina wanayowapa watoto: Obiechina, yaani boma lisifungwe, na Ahamefula, yaani jina langu lisipotee. Kimila, ardhi na boma hurithiwa na wanaume, na marehemu asipoacha mwana, ndugu zake huchukua. Kwa kuoa, mjane alipata wa kusimama mbele ya mashemeji. Wengine walipata na heshima: Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike, mwanamke aliyefikia ufalme enzi za mkoloni, alikuwa na wake zake. Anayeiita mila hii ukandamizaji mtupu hajamtazama mjane huyo.

Lakini mimi humfikiria zaidi yule binti. Mahari imeshapokelewa kwao, pengine kwa sababu ya njaa. Nani alimuuliza kama anamtaka mwanamume atakayezaa naye? Baba mzazi hana wajibu wowote, na mtoto akikua akauliza asili yake, mama ndiye anayebaki na aibu. Mwanamke mmoja ameokoka kwa kupitia mwili wa mwenzake.

Mahakama ya juu kabisa ya Nigeria iligusa suala hili mwaka 1976, katika kesi ya ardhi ya Meribe na Egwu. Majaji waliona kwamba mke tasa alimtafutia mumewe binti wa kumwoa, kwa hiyo ndoa ya mume na binti huyo ikasimama. Hata hivyo waliongeza kuwa jamii yenye staha inapaswa kuchukizwa na ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Naona walikazia macho pasipo tatizo: jinsia ya mtoa mahari iliwashtua kuliko ridhaa ya aliyetolewa. Sheria ya 2014 inayokataza ndoa za jinsia moja, kwa kifungo cha hadi miaka 14, nayo haimsaidii binti huyo kwa lolote.

Hukumu nyingine za mwaka huohuo wa 2014 ndizo zinazogusa mzizi. Katika kesi ya Ukeje, mahakama hiyo ilisema kumnyima binti urithi wa baba yake ni kinyume cha Katiba. Katika kesi ya Anekwe, ililaani mila iliyotaka kumtoa mjane wa Awka nyumbani kwa kuwa hakuzaa mwana wa kiume. Hukumu hizo zikiheshimiwa hadi vijijini, mjane hatalazimika kumtolea mahari binti wa watu ili abaki katika nyumba aliyoishi na mumewe.