Kigoma Mjini haikuanza 2015

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba upinzani katika jimbo la Kigoma Mjini uliingia na Zitto Kabwe 2015. Hapana. Zitto 2005 hadi 2015 alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa CHADEMA, ndipo akahamia mjini na ACT-Wazalendo. Mjini alitangulia marehemu Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Uchaguzi mdogo wa 1994 alitangazwa mshindi Azim Premji wa CCM. Kabourou akaenda mahakamani, matokeo yakatenguliwa, na Mahakama ya Rufani ikaridhia. Hoja mojawapo ilikuwa Redio Tanzania, redio ya serikali, kumpendelea mgombea wa CCM. Kesi kubwa kama hiyo kuachwa kwenye makala yako inauma sana! Kabourou akashinda 1995 na 2000. Peter Serukamba akalirudisha jimbo CCM 2005.