Kasi ya Sauti Dar es Salaam ni Ngapi? Walimu wa Sayansi na Mafaili ya Mtandaoni

Chini ya mwembe wa shule tulipima mita 5 kwa utepe wa fundi cherehani, tukaweka simu moja kila upande. Zote mbili zilikuwa na phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2016. Programu hiyo huigeuza simu kuwa kifaa cha kupimia. Ndani yake kuna saa inayoanza kuhesabu ikisikia kishindo na kusimama ikisikia kishindo kingine. Mwanafunzi wa upande huu anapiga kofi, saa zote mbili zinaanza. Wa upande ule anajibu kwa kofi lake, zote zinasimama. Lakini kila kofi linaifikia simu ya mbali likiwa limechelewa kidogo, kwa hiyo saa hazisomi sawa. Tofauti yake ndiyo muda ambao sauti inautumia kwenda na kurudi, yaani mita 10.

Jaribio la kwanza liliharibiwa na kikohozi, la pili na jogoo wa jirani. Tulipopata vipimo kumi vinavyoeleweka, wastani wa tofauti ulikuwa sekunde 0.0285. Binti aliyeshika kikokotoo akasema mita 351 kwa sekunde, akanyamaza, akafungua daftari. "Mwalimu, mbona notsi zinasema 330?"

Notsi hizo niliwapa mimi. Nilizitoa kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa fizikia, nikazitolea kopi, nikazigawa. Hazikuwa na jina la mwandishi wala mwaka. Na hazikuwa na uongo pia. Sauti husafiri takriban mita 331 kwa sekunde kwenye hewa yenye nyuzi sifuri, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza kama mita 0.6. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 30, hesabu inakuja 349 hivi, na watoto wangu na makofi yao walikuwa karibu nayo kuliko notsi. Namba 330 ni ya kweli mahali ambapo maji yanaganda nje ya dirisha. Imetoka kitabu hadi kitabu, notsi hadi notsi, PDF hadi PDF, na njiani yale maneno "kwenye nyuzi sifuri" yakadondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutazama tofauti ule ubishi wa walimu wa sayansi kuhusu vitu vya mtandaoni. Wapo wanaosema tugawane kila tunachopata, na wapo wanaosema mafaili haya yanaua ualimu. Wote nawaelewa.

Nianze na wa kwanza, maana nami ni mmoja wao. Mwalimu wa shule ya kata mwenye darasa la wanafunzi 80 na vitabu vinane hana anasa ya kuchagua. Shule zilipofungwa Machi 2020, wengi wetu ndipo tulipojua kwamba kitabu cha kiada kinaweza kusomwa kwenye simu. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bila malipo, na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Bando likikata, kuna Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima kwenye memori kadi na kuisoma mahali pasipo na mnara. Miaka ishirini iliyopita mwalimu wa biolojia aliyetaka mchoro mzuri wa figo aliuchora mwenyewe ubaoni, akaufuta, akauchora tena mkondo wa pili. Aliyepitia hayo hawezi kumcheka anayepakua.

Halafu kuna PhET. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, simulesheni kama tunavyoziita, na nyingi ukizipakua mara moja zinafanya kazi bila intaneti. Ile ya saketi za umeme naipenda kuliko zote. Unavuta betri, unavuta balbu, unaunganisha nyaya kwa kidole, na unaona elektroni zikitembea kwenye waya. Ukiunganisha vibaya, betri inawaka moto kwenye skrini na darasa zima linapiga kelele. Hakuna aliyeungua, hakuna amita iliyokufa, na somo la shoti halisahauliki.

Sasa chukua wanafunzi walewale uwapeleke kwenye meza ya maabara. Mwaka juzi nilifanya hivyo nikiwa na matumaini makubwa. Vikundi sita, na balbu ikawaka kwa viwili tu. Kundi moja klipu zilikuwa na kutu. Lingine betri zilikuwa zimelala kabatini tangu mtihani uliopita. Lingine waya ulikatikia ndani ya plastiki, kwa nje mzima kabisa. Watoto hawakujua waanzie wapi, kwa sababu kwenye simulesheni waya haukatiki. Betri yake pia, usipofungua sehemu ya mipangilio ya ziada, ina ukinzani wa ndani sifuri, yaani yenyewe haizuii umeme hata kidogo, kitu ambacho hakuna duka lolote Kariakoo linakiuza. Mzee wetu wa maabara alikuja na kipande cha msasa, akasugua klipu moja moja huku akiguna. Kwa dakika kumi alifundisha kitu ambacho mimi na projekta yangu hatukuwa tumekigusa kwa wiki mbili: saketi isipofanya kazi, itafute ilipokatika kwa kuipima kipande kwa kipande.

Huo ndio moyo wa hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito kuliko wengi tunavyoichukulia. Wazee wa kazi hawachukii kompyuta. Wanachosema ni kwamba simulesheni inaonyesha kile tu ambacho aliyeitengeneza alikijua. Haiwezi kumshangaza, na sayansi bila kushangazwa inabaki hadithi.

Katika nchi hii hoja hiyo ina ushahidi wenye jina. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Wenzake walichemsha maziwa na sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wayaweke kwenye friza. Yeye aliogopa kukosa nafasi, akayaweka ya moto. Yake yakaganda kwanza. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Bahati ikaja na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule hiyo. Mpemba akamwuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka, na Osborne akarudi chuoni akalijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Uingereza la Physics Education. Wanasayansi wanabishana hadi leo. Mwaka 2016 kuna watafiti waliopima kwa makini wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo kwenye maji. Ubishi huo haupunguzi kitu. Ukiandika simulesheni ya upoaji kwa kanuni ya kawaida, maji ya baridi yatatangulia kuganda kila siku ya Mungu, na Mpemba angeondoka darasani ameridhika na amekosa.

Hapa lakini watetezi wa maabara husahau kitu. Walimu waliomcheka Mpemba hawakuwa na intaneti. Walikuwa na vitabu, na walivikariri. Kukariri kitabu cha karatasi na kukariri PDF ni ugonjwa mmoja. Na kilichomwokoa Mpemba ni kugawana: mtu wa pili, mwenye vifaa, alilichukua swali, akalijaribu, kisha likachapwa kwenye jarida linalosomwa na walimu wa fizikia. Kitu cha kufundishia kilitoka Tanganyika kikaenda duniani. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp mizigo inasafiri upande mmoja tu.

Ndiyo maana makosa yanadumu. Bado napokea notsi za biolojia zenye ramani ya ulimi, utamu mbele, uchungu nyuma. Hiyo imetokana na utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901 uliosomwa vibaya. Ulimi huonja ladha zote karibu kila mahali, na mtoto mwenye chumvi na pamba ya masikio anaweza kuhakiki. Bado napokea sayari tisa, ingawa Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Bado napokea kwamba kilo ni silinda ya metali iliyofungiwa Ufaransa, ingawa tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inafafanuliwa kwa namba ya Planck, namba ya fizikia isiyobadilika. Na napokea orodha za "tovuti 50 bora za sayansi" ambazo nusu ya viungo vyake vilikufa na Flash, programu ya zamani ya kuchezesha picha mtandaoni, mwishoni mwa 2020. Hakuna anayezifuta. Kila Januari zinarudi kama masika.

Mengine si makosa, ni ugeni tu. Video nzuri sana ya majira ya mwaka inaeleza theluji na majani kudondoka, wakati mtoto wa Rufiji anajua masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Video ya nyota inamwambia atafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu kusini mwa Ikweta haichomozi. Mwalimu anayeonyesha bila kusema neno anamfundisha mwanafunzi kwamba sayansi inatokea kwingine.

Na lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma sayansi kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza anakutana na yaleyale kwa Kiingereza. Jana ilikuwa usanisinuru, leo hajui inaitwaje. Video nyingi zinamwacha nje. Msamiati wetu upo, TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, na PhET wanapokea tafsiri za kujitolea, baadhi ya simulesheni zao zina Kiswahili tayari. Lakini ukikusanya video tatu za Kiswahili za walimu tofauti utasikia nguvu, kani na fosi, zote zikimaanisha kitu kimoja, "force" ya Kiingereza. Binafsi hilo halinisumbui sana. Bora maneno matatu kuliko kimya.

Kuhusu hakimiliki nitapita haraka. Kupiga picha kitabu kizima cha mwandishi wa hapa nchini na kukimwaga kwenye Telegram ni kumnyang'anya, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Kuna vitu vingi vyenye leseni huria za Creative Commons vinavyoruhusu kunakili wazi. Tuanze na hivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni mtihani. Mwalimu anayesambaza pasti pepa na majibu yake si mvivu, anajua atakachoulizwa na mkuu wa shule matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yakitoka. Na mwanafunzi akiandika 351 pale swali lilipompa 330 atakosa alama, kwa haki kabisa, maana swali limempa namba ya kutumia. Niliwaambia hivyo wale wa chini ya mwembe. Binti wa kikokotoo akauliza kama basi aandike yote mawili. Nikacheka, lakini swali lake lilikuwa halali: daftarini ziandikwe zote, na kila moja iwe na joto lake pembeni.

Hilo ndilo ningelitaka kwa mafaili yetu. Sina haja ya kamati wala tovuti mpya ya serikali. Anayetuma faili aongeze mistari mitatu: limetoka wapi, nimelijaribu na darasa la aina gani kwa vifaa gani, na nini kilikataa. Najua jibu la wenzangu, kwa sababu limeshanirudia: mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki, maandalio ya somo ya kukaguliwa na zamu ya chakula, ataipata wapi nafasi ya kuandika? Ni kweli. Lakini mwalimu huyohuyo anaipata ya kuforwadi mafaili kumi saa nne usiku, na moja lenye mistari mitatu lingemsaidia aliyepo Mpanda kuliko yote kumi.

Jioni ya siku ile niliandika kwenye kundi: vipimo vyetu, joto la hewa, na ombi kwamba anayetumia notsi zile aongeze "nyuzi sifuri" mbele ya 330. Nilipata dole gumba nne. Mwalimu mmoja wa Mbeya, ambako mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, akatuma picha ya kipimajoto ndani ya sufuria inayotokota, zebaki imesimama kwenye 94 na ushee. Chini yake aliandika: "Na huku kwetu zile 100 hatujawahi kuziona, tumekuwa tukidhani vipimajoto vyetu ni vibovu."

Dakika mbili baadaye mtu akatuma notsi za Kidato cha Pili, kurasa 112, na picha ya sufuria ikapanda juu ikapotea.