Madirisha ya Bashar al-Assad

"Ukizuia floraidi, basi zuia na dawa ya meno." Ndivyo alivyonikata kauli rafiki yangu mmoja aliyesomea kemia, tulipokuwa tukibishana kuhusu nchi zinazouza kemikali za viwandani kwa serikali zilizo vitani. Wote mezani wakaangua kicheko. Nimekuja kumjibu hapa, ambako hakuna wa kunikatiza.

Haki yake nampa. Sodiamu floraidi imo kwenye dawa ya meno, klorini inasafisha maji ya kunywa, thiodaiglikoli inatumika kwenye wino na rangi za nguo. Sijasema viwanda vifungwe. Ila hoja ya dawa ya meno inanichosha, maana inamtetea asiyeshtakiwa. Kemikali haina nia. Mnunuzi anayo, na utawala ulioketi juu ya shingo ya mnunuzi huyo unayo zaidi.

Tuchukue Januari 2012. Uingereza ilitoa leseni za kupeleka Syria sodiamu floraidi na potasiamu floraidi, ambazo zimo kwenye orodha za kudhibitiwa kwa sababu zinaweza kuingia katika utengenezaji wa sarin, gesi ya sumu inayoua kwa kushambulia neva. Jambo hilo likaja kuwa gumzo Septemba 2013, siku chache baada ya watu wa Ghouta, kando ya Damascus, kuuawa kwa gesi hiyohiyo ya sarin. Serikali ikajieleza: wahusika walionyesha kwamba mzigo ni wa matumizi ya kiraia, yaani kumalizia alumini za fremu za madirisha na vibanda vya bafu.

Madirisha! Januari 2012! Mwezi mmoja kabla, Umoja wa Mataifa ulikwisha kutangaza kwamba waliouawa tangu maandamano ya kumpinga Assad, rais wa Syria wa wakati huo, yaanze wamepita 5,000. Tangu Agosti 2011 David Cameron mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza, pamoja na Merkel wa Ujerumani na Sarkozy wa Ufaransa, alikuwa amemtaka Assad ang'oke madarakani. Kwa hiyo London hiyohiyo iliyosema mtu huyu hafai kutawala ilipokea makaratasi kutoka nchi aliyokuwa akiitawala, ikayasoma, ikaona yako sawa, ikagonga muhuri. Mtu anayepiga risasi waandamanaji anaaminiwa kwamba hatagusa mapipa yaliyomo ghalani kwa fundi alumini. Kwa adabu gani hasa aliyonayo?

Najua utetezi wao, na sehemu yake naikubali kwa shingo upande. Leseni zilifutwa Julai 2012, na serikali inasema hakuna kilichosafirishwa kwa leseni hizo. Sawa. Lakini zilifutwa kwa nini? Kwa sababu mwezi uliotangulia Umoja wa Ulaya ulikuwa umekaza vikwazo vyake. Walisubiri Brussels iwaambie. Kwa miezi sita mlango ulikuwa wazi, na kama hakuna aliyepita, hiyo si sifa ya bawabu.

Tena London haikuwa ngeni katika mambo haya. Kati ya 2004 na 2010 ilitoa leseni nyingine za kupeleka sodiamu floraidi kwa kampuni ya vipodozi ya Syria, na safari hiyo sababu ilikuwa, naam rafiki yangu, dawa ya meno. Halafu Julai 2014 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akaliambia Bunge kwamba miaka ya 1980 kampuni za Uingereza zilipeleka Syria mamia ya tani za kemikali ambazo huenda ziliishia kwenye mpango wa gesi za sumu wa Assad mkubwa, baba yake Bashar. Wajerumani nao, kati ya 2002 na 2006, waliruhusu zaidi ya tani 100 za kemikali za jamii ya floraidi kwenda hukohuko. Kila mmoja alikuwa na fomu yenye sababu nzuri ya kiraia.

Sasa linganisha na Frans van Anraat. Huyu Mholanzi alimuuzia Saddam Hussein thiodaiglikoli, malighafi ya gesi ya haradali, sumu ya vita inayobabua ngozi na mapafu. Machi 1988 Saddam akaushambulia kwa gesi Halabja, mji wa Wakurdi nchini Iraq, wakafa Wakurdi wapatao 5,000. Desemba 2005 mahakama ya The Hague ikamfunga Van Anraat miaka 15 kwa kushiriki uhalifu wa kivita, na rufaa ikamwongezea. Nilifurahi, sifichi. Mtaniambia yeye alijua mzigo unakokwenda, na ofisa wa leseni hakujua. Haya. Lakini ofisa ana balozi, ana majasusi, ana redio inayomsomea idadi ya maiti kila asubuhi. Kutojua kwa mtu wa namna hiyo kunahitaji bidii.

Klorini ndiyo inayoniumiza kichwa. Wachunguzi wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na OPCW, shirika la kimataifa la kuzuia silaha za kemikali, walihitimisha kwamba helikopta za jeshi la Syria ziliidondosha Talmenes mwaka 2014 na Sarmin mwaka 2015. Ukiizuia kabisa, watoto wanakunywa kipindupindu. Kwa hiyo iende, lakini iende na wanaosafisha maji, kuwe na mtu anayehesabu mapipa yakiingia na yakitoka. Hapo sina jibu safi kuliko hilo.

Kwa mengine yote jibu ninalo. Serikali ikishaanza kuwapiga mabomu raia wake, ombi lolote la kemikali za aina hii lijibiwe "hapana", na muuzaji ndiye ahangaike kuthibitisha vinginevyo, tena hadharani. Vince Cable, waziri wa biashara wa wakati huo, aliwapa wabunge wa kamati majina ya kampuni kwa siri, umma ukanyimwa. Siri ya nini? Kama kweli yalikuwa madirisha, mwenye kiwanda angefurahi kupata tangazo la bure.